Matokeo ya urais Kenya 2022: kabla ya kushangilia au kulia wizi, tuhesabu pamoja

Mizani_wa_Pwani · 15 Agosti 2022, usiku

Mwenyekiti wa IEBC (Tume ya uchaguzi), Wafula Chebukati, ametangaza pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za nchi nzima. Nimeziweka nambari hapa ili kila atakayechangia azitumie hizihizi:

William Ruto 7,176,141 (asilimia 50.49)
Raila Odinga 6,942,930 (48.85)
George Wajackoyah 61,969 (0.44)
David Waihiga Mwaure 31,987 (0.23)

Kura halali ni 14,213,027. Zilizokataliwa ni 113,614. Waliosajiliwa ni 22,120,458, vituo 46,229. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni kura 233,211.

Tangu jioni makundi ya WhatsApp yamegawanyika: huku watu wanapiga vuvuzela, kule wanalia. Hapa kila mtu ana haki ya kufurahi au kukasirika. Ombi langu ni moja tu: ukileta dai, lete na namna ya kulithibitisha. Tumezika watu wengi nchi hii kwa sababu ya madai ambayo hakuna aliyeyapima. Na leo hii familia moja inaomboleza msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki, aliyetoweka akiwa kazini na kupatikana amefariki. Tukumbuke hilo kabla ya kuwaita maafisa wa vituo majina mabaya.

---

Kazi_ni_Kazi_Eldy · 15 Agosti

Hasla wetu Ruto ameingia Ikulu! Dola nzima ilikuwa upande wa pili, rais anayeondoka, Uhuru Kenyatta, alikuwa upande wa pili, na bado wananchi wameamua. Ametimiza yote mawili: zaidi ya nusu ya kura, na robo ya kura katika kaunti 39 wakati Katiba inataka 24. Imeisha hiyo. Waende nyumbani.

---

Inawezekana_Nyanza · 15 Agosti

Imeisha wapi, ndugu? Makamishna wanne kati ya saba wamesimama hoteli ya Serena na kusema hawayatambui matokeo hayo: Cherera ambaye ni naibu mwenyekiti, Masit, Wanderi na Nyang'aya. Wanne kwa watatu ndio wengi. Tume imekataa, mwenyekiti ametangaza peke yake na wawili. Hayo ni matokeo ya mtu, si ya Tume.

---

Wakili_Mtaani · 16 Agosti

Nyote wawili mmeruka hatua. Naanza na wewe wa Nyanza kwa sababu hoja yako ndiyo nzito.

Kifungu 138(3)(c) cha Katiba kinasema baada ya kura kuhesabiwa vituoni, TUME itajumlisha na kuthibitisha hesabu, kisha itangaze. Kifungu 138(10) kinasema MWENYEKITI atatangaza ndani ya siku saba na kumwandikia Jaji Mkuu na rais aliyeko. Ni kazi mbili tofauti, kila moja na mwenyewe. Kwa hiyo swali la kupeleka mahakamani haliko kwenye wanne kuwa wengi kuliko watatu. Swali ni je, wanne walishiriki kuthibitisha, au walifungiwa nje? Kama walishiriki siku zote wakakataa dakika ya mwisho, wataulizwa ni fomu gani ina kosa. Kama walizuiwa, hilo ni kosa la mwenyekiti lenye uzito wake. Hata hivyo, kura za vituoni haziamuliwi kwa makamishna kunyoosha mikono. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai, ilisema matokeo yaliyotangazwa eneobunge ni ya mwisho, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha.

Ndugu wa Eldoret, nawe haijaisha. Rais mteule si rais. Tarehe ziko hivi:

Kutangazwa: Agosti 15.
Mwisho wa kuwasilisha ombi la kupinga: siku saba, yaani Agosti 22, na masjala inafunga saa nane mchana.
Mahakama ya Juu iamue: siku 14 tangu kuwasilishwa. Likiingia Agosti 22, hukumu ni Septemba 5.
Kuapishwa kama hakuna ombi: Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14, yaani Agosti 30.
Kuapishwa kama kuna ombi na likatupwa: Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi, yaani Septemba 13.
Likikubaliwa: uchaguzi mpya ndani ya siku 60.

Mtu yeyote anaweza kuwasilisha ombi, halazimiki awe mgombea, mradi aweke dhamana ya gharama ya shilingi milioni moja. Anayewaambia wenzake waingie barabarani "kabla muda haujaisha" anawadanganya. Muda uko, na mlango uko wazi.

---

Mizani_wa_Pwani · 16 Agosti, jioni

Makamishna wanne wamerudi mbele ya kamera. Wanasema asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni sawa na kura kama 142,000 ambazo zingeweza kubadili mshindi. Kauli hii imesambaa kuliko zote, kwa hiyo tuivunje taratibu. Unahitaji kikokotoo cha simu tu.

Kwanza, asilimia 0.01 ya 14,213,027 ni kura 1,421. Asilimia moja nzima ndiyo 142,130. Aliyeandika 142,000 alikosea kwa kuzidisha mara mia. Ukitaka kuhakiki: 14,213,027 gawanya kwa 10,000.

Pili, hata hizo 1,421 hazipo. Jumlisha kura zenyewe badala ya asilimia: 7,176,141 + 6,942,930 + 61,969 + 31,987 = 14,213,027. Hakuna hata moja iliyozidi.

Tatu, 100.01 imetoka wapi basi? Gawanya kila mgombea kwa jumla na uache tarakimu nne baada ya nukta:

Ruto 50.4899, ikaandikwa 50.49
Odinga 48.8491, ikaandikwa 48.85
Wajackoyah 0.4360, ikaandikwa 0.44
Mwaure 0.2251, ikaandikwa 0.23

Kanuni ya shule ya msingi: tarakimu inayoondolewa ikiwa 5 au zaidi, unaongeza moja kwa ile inayobaki. Safari hii wagombea wote wanne waliongezewa, hakuna aliyepunguziwa. Nyongeza hizo nne kwa pamoja ni 0.01 kamili. Mwaure na Wajackoyah ndio waliochangia karibu yote, kwa 0.005 na 0.004.

Naomba wa upande wa Azimio, muungano wa Raila, waniamini kwamba silisemi hili kuwabeza. Nalisema kwa sababu mkibeba hoja hii mahakamani, itachafua hoja zenu nyingine zinazostahili kusikilizwa.

---

Inawezekana_Nyanza · 16 Agosti

Nimeifanya hesabu. Hiyo ya 0.01 naiacha. Lakini Raila leo pale KICC amesema matokeo ni batili na atafuata njia za kisheria, na hoja kuu haikuwa desimali. Ilikuwa kwamba matokeo ya mwisho hayakuonyeshwa kwa makamishna wote kabla ya kusomwa. Hilo bado limesimama.

Na swali la pili: mnasema fomu za matokeo ya vituo ziko kwenye tovuti ya Tume, kila mtu ajihesabie. Ni fomu zaidi ya elfu 46. Nani atazihesabu? Na nitajuaje fomu niliyoiona mtandaoni ndiyo iliyotiwa sahihi kituoni?

---

Karani_wa_Fomu · 17 Agosti

Swali la pili ndilo la maana kuliko yote kwenye uzi huu, nami nitalijibu kwa urefu.

Safari ya kura ya urais ni hii. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700. Kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala, msimamizi wa kituo anajaza fomu ya 34A kwa mkono. Mawakala wanatia sahihi na kupewa nakala, nyingine inabandikwa mlangoni. Kisha anaipiga picha kwa kifaa cha KIEMS, kilekile cha kuwatambua wapigakura, na picha inakwenda kwenye tovuti. Fomu halisi inasafirishwa hadi kituo cha kujumlishia cha eneobunge, ambako 34A zote zinaingizwa kwenye 34B. Maeneobunge ni 290, na Wakenya wa nje wanahesabiwa kama la 291. Halafu 34A na 34B halisi zinapelekwa Bomas, zinalinganishwa na picha, na hapo ndipo inatoka 34C, ambayo ni moja tu kwa nchi nzima.

Kwa hiyo kila kituo kina nakala zilizo mikononi mwa watu tofauti: picha ya tovuti, fomu halisi iliyofika Bomas, nakala za mawakala, na ile ya mlangoni. Mwizi wa kuchezea fomu moja analazimika kuzifikia zote, zikiwemo zilizo mfukoni mwa wakala wa mpinzani wake.

Ukitaka kukagua, usianze na nchi nzima. Chukua eneobunge lako. Kwenye tovuti unachagua kaunti, eneobunge, wadi, kituo kikuu, halafu chumba kimoja kimoja. Fungua Excel, uweke safu za: nambari ya kituo, waliosajiliwa, kura za kila mgombea, halali, zilizokataliwa, sahihi za mawakala. Kisha pima haya:

Jumla ya wagombea wanne ni lazima iwe sawa na kura halali zilizoandikwa.
Halali pamoja na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa kituoni. Zikizidi, simama hapo, hilo si kosa dogo.
Nambari ya kituo kwenye fomu ifanane na ile uliyobonyeza. Picha ya chumba cha 3 kupandishwa mahali pa chumba cha 2 hutokea, na mara nyingi hurekebishwa kwenye 34B.
Linganisha na mstari wa kituo hicho ndani ya 34B. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa sababu mtu anaandika nambari upya akiwa amechoka.
Mwisho, linganisha na nakala ya wakala wako. Bila nakala hiyo huna ushahidi, una shaka tu.

Sasa makosa ya kawaida ambayo yanafanana na wizi lakini siyo. Tarakimu 1 iliyoandikwa kwa haraka ikasomeka 7. Msimamizi kuingiza kura zilizokataliwa ndani ya jumla ya halali. Nambari iliyokatwa na kuandikwa upya (angalia kama kuna sahihi pembeni ya marekebisho). Picha iliyopinda ikaficha ukingo. Karatasi nyeupe ya urais kutumbukizwa kwenye sanduku la gavana, lile la bluu, hivyo jumla ya kura za nafasi hizo mbili zikapishana kidogo. Wakala kutotia sahihi: hilo pekee halibatilishi fomu, kwani huenda aliondoka mapema, lakini msimamizi anapaswa kuandika sababu.

Dalili ya wizi wa kweli ni nyingine. Makosa yanaegemea mgombea mmoja, kituo baada ya kituo, wadi baada ya wadi. Makosa ya uchovu hutawanyika, mara yanamwongezea huyu, mara yule. Ukiona yote yanaelekea upande mmoja, weka orodha, ambatisha nakala za mawakala, mtafute wakili akuandalie hati ya kiapo. Picha ya simu iliyosambazwa mara elfu bila jina la kituo haina kazi mahakamani.

---

Binti_Kigoma · 17 Agosti

Wakuu, nafuatilia kutoka Tanzania. Kuna jambo sijalielewa. Wiki iliyopita Citizen ilikuwa na namba zake, NTV zake, KTN zake. Saa hiyohiyo mmoja anaonyesha Ruto yuko mbele, mwingine Raila. Kama fomu ni zilezile, mbona televisheni zilipishana?

Halafu niwaambie ukweli, mnabishana mkiwa na kitu ambacho sisi hatuna. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishatangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Na kwetu hakuna masharti ya nusu ya kura, aliyepata nyingi kuliko wenzake ndiye.

---

Karani_wa_Fomu · 17 Agosti

Dada, fomu ni zilezile ila mpangilio wa kuzifungua haukuwa mmoja. Safari hii Tume ilituma picha tu, bila jumla iliyoandikwa kwa tarakimu na mashine kama mwaka 2017. Kila chombo cha habari kikaajiri watu wa kuzisoma na kuingiza nambari kwa mkono. Aliyeanza na Bonde la Ufa alimwona Ruto mbele, aliyeanza na Nyanza au Magharibi alimwona Raila. Kisha baadhi wakachoka na kusimama kabla ya kumaliza. Mshabiki akapiga picha skrini iliyompendeza, akalala nayo, na asubuhi matokeo yalipogeuka akaamini kuna mtu ameingia usiku kuyageuza. Hii ndiyo sababu kubwa ya hasira ninazoziona leo, na Tume ingeweza kuipunguza kwa kuendelea kusoma jumla yake yenyewe hadharani badala ya kuviachia vituo vya televisheni.

---

Kazi_ni_Kazi_Eldy · 18 Agosti

Basi hata ELOG wamethibitisha. Wao ni waangalizi huru, walifanya hesabu sambamba kwa sampuli ya vituo 1,000 na wakampa Ruto 50.7 na Raila 48.7. Mwisho wa mjadala.

---

Mizani_wa_Pwani · 18 Agosti

Ndugu, soma na mstari wa chini yake: kosa linalokubalika ni 2.1 juu au chini. Maana yake Ruto yuko popote kati ya 48.6 na 52.8, Raila kati ya 46.6 na 50.8. Sampuli hiyo inatuambia jambo zuri, kwamba matokeo ya Tume yamo ndani ya mipaka inayotarajiwa, na kwamba hakuna mlima wa kura uliopandikizwa. Haiwezi kutuambia kama alivuka asilimia 50 au alibaki chini kidogo, kwa sababu mstari wa 50 uko katikati ya mipaka yake. Ukitaka jibu la hilo unarudi kwenye fomu zote 46,229.

Ushindi wenu hauhitaji kuongezewa chumvi. Kura alizovuka nazo mstari wa nusu ni takriban 69,600. Ni ushindi halali kwa hesabu iliyotangazwa, na ni mwembamba. Mkisema "nchi nzima imeamua" mnawafuta watu karibu milioni saba, na hao ndio majirani zenu kuanzia kesho.

---

Inawezekana_Nyanza · 18 Agosti

Asante kwa hilo la mwisho. Watu hapa Kondele walichoma matairi juzi. Ni kwamba hii ni mara ya tano Raila kugombea, si kwamba hawajui hesabu. 2007 rais alitangazwa na kuapishwa jioni hiyohiyo, hapakuwa na nafasi ya kupumua, zaidi ya watu 1,100 wakafa. 2013 mahakama ilitupa kesi, na ushindi ulikuwa wa 50.07. 2017 mahakama ikafuta, lakini marudio yakafanyika kwa Tume ileile. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia "nenda mahakamani" anasikia "nenda ukalale".

---

Wakili_Mtaani · 18 Agosti

Uchungu huo una sababu, na sitaupunguza. Ninachosema ni kwamba 2017 ilifutwa kwa ushahidi wa namna matokeo yalivyosafirishwa, na kwa sababu Tume ilikataa amri ya kufungua seva. Haikufutwa kwa hasira. Safari hii picha za fomu ziko wazi kwa kila mtu. Mzigo wa mlalamishi ni mwepesi kwa upande mmoja, ushahidi uko mikononi mwa wote, na mzito kwa upande mwingine, kwa kuwa upande wa pili nao unazo fomu hizohizo.

Jambo jingine kwa wanaosambaza kwamba rais anayeondoka atateua majaji wapya wiki hii: Kifungu 134 kinamzuia. Katika kipindi hiki hawezi kuteua majaji, mawaziri wala mabalozi, wala kutoa msamaha kwa wafungwa.

---

Mizani_wa_Pwani · 23 Agosti

Ombi la Raila na mgombea mwenza wake Martha Karua liliingia jana. Ndani yake kuna nambari ambayo washabiki wa pande zote wameishika vibaya: asilimia 49.997. Wa Azimio wanasema "ndiyo aliyopata kweli", wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wanasema "wameitoa hewani". Haikutoka hewani. Angalia ilivyotengenezwa.

Awali mwenyekiti alitaja waliojitokeza kuwa asilimia 65.4. Fomu ya mwisho inatoa 64.77, yaani kura 14,326,641 pamoja na zilizokataliwa. Pengo hilo ni takriban kura 140,000. Ombi linasema ni 140,028 na kwamba hazikuhesabiwa. Ziongeze kwenye kura halali: 14,213,027 + 140,028 = 14,353,055. Nusu yake ni 7,176,527 na kitu. Ruto ana 7,176,141. Amepungukiwa na kama 387. Ndiyo hiyo 49.997.

Hesabu ni sahihi. Udhaifu uko kwenye malighafi. Kwanza, 65.4 ni nambari iliyofupishwa: kila 0.1 ya waliosajiliwa ni watu 22,120, kwa hiyo kufupisha peke yake kunaweza kuongeza au kupunguza watu 11,000. Huwezi kutoa kutoka kwenye nambari ya aina hiyo pungufu ya watu 387. Pili, ni lazima uamini kwamba kura zote 140,028 zilikuwa halali na hakuna HATA MOJA ya Ruto. Angepata 1,000 tu kati ya hizo, tayari amevuka.

Ombi likitaka kusimama hapo, lilete vituo: waliotambuliwa na KIEMS wangapi, waliohesabiwa wangapi, tofauti iko chumba gani.

---

Kazi_ni_Kazi_Eldy · 23 Agosti

Na wale wanaosema kura zilizokataliwa zijumuishwe? Wakizijumuisha anaanguka?

---

Mizani_wa_Pwani · 23 Agosti

Haanguki. 14,213,027 + 113,614 = 14,326,641. Nusu ni 7,163,320.5. Bado amezidi kwa zaidi ya 12,800, anakuwa na 50.09. Kisheria hazijumuishwi, mahakama iliamua hivyo tangu 2013, lakini hata ukizijumuisha matokeo ni yaleyale. Hapa nakuunga mkono bila masharti.

---

Binti_Kigoma · 31 Agosti

Nimeona mahakama imeunganisha maombi saba, ikapanga masuala tisa, na imeamuru masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kuhesabiwa upya. Vituo 15 kati ya 46,229 vinaweza kusaidia nini?

---

Karani_wa_Fomu · 31 Agosti

Dada, hivyo 15 havikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ni vile ambavyo walalamishi wenyewe walivitaja kuwa na tatizo, kwa hiyo ndipo pa kuanzia. Kama dai ni kwamba nambari kwenye fomu ni za uongo, karatasi zilizo ndani ya sanduku zitapingana na fomu. Zikipingana kwenye vituo walivyovichagua wenyewe, mahakama ina sababu ya kuchimba zaidi. Zikikubaliana, dai kubwa limekosa mguu.

Wasimamizi wa zoezi wanaanza na lakiri ya sanduku na nambari yake, ilingane na iliyoandikwa siku ya kura. Kisha karatasi zinahesabiwa mbele ya mawakala wa pande zote, zinapangwa kwa mgombea, zilizokataliwa zinaangaliwa moja moja. Lakiri iliyovunjika ni jambo zito hata kama hesabu inalingana.

---

Wakili_Mtaani · 5 Septemba

Uamuzi umesomwa na Jaji Mkuu Martha Koome, majaji saba kwa kauli moja: maombi yametupwa, Ruto alichaguliwa kihalali. Nafupisha yanayohusu tuliyoyajadili.

Fomu: hakukuwa na tofauti za maana kati ya 34A za tovuti na zile halisi zilizofika Bomas. Masanduku yaliyofunguliwa hayakutoa kitu cha kubadili matokeo.

Teknolojia: madai kwamba raia wa Venezuela aliingia kwenye mfumo na kubadilisha fomu hayakuthibitishwa, na mahakama imewakemea vikali walioleta hati za kiapo zenye ushahidi wa uongo. Mawakili wenzangu wazingatie hapo, maana hati ya kiapo ni kiapo.

Uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega kuahirishwa, kwa sababu karatasi zilikuwa na picha zisizo sahihi: haikuonyeshwa kwamba ilifanywa kwa nia mbaya au kwamba ilipunguza wapigakura wa upande mmoja.

Nusu ya kura: inahesabiwa kwa kura halali pekee. Imefikiwa.

Makamishna wanne: sehemu hii msiiruke. Mahakama imekubali kwamba kujumlisha na kuthibitisha ni kazi ya Tume nzima, mwenyekiti hana mamlaka ya kuifanya peke yake. Lakini wanne walishiriki hadi dakika za mwisho na hawakuleta hati yoyote ya kuonyesha kura zimebadilishwa, na mgawanyiko wa chumba cha mkutano hautoshi kufuta kura za wananchi.

---

Kazi_ni_Kazi_Eldy · 5 Septemba

Tumeshinda mara mbili! Sasa hao wanne wafukuzwe kesho asubuhi.

---

Wakili_Mtaani · 5 Septemba

Kesho asubuhi haiwezekani, na tusitamani iwezekane. Kamishna ana ulinzi wa Kifungu 251. Ombi linapelekwa Bunge la Taifa likiwa na sababu, wabunge wakiridhika linakwenda kwa rais, rais anaunda jopo la uchunguzi, jopo ndilo linalopendekeza. Ulinzi huohuo ndio uliomwezesha Chebukati kutangaza matokeo ambayo serikali iliyopo haikuyapenda. Ukiuvunja leo kwa sababu umeshinda, kamishna wa 2027 atasoma nambari akiangalia mlango.

---

Inawezekana_Nyanza · 5 Septemba

Raila amesema anauheshimu uamuzi ingawa hakubaliani nao kabisa. Nami niko hapohapo. Sikuipenda lugha ya hukumu, imekuwa kali mno kwa watu waliofuata njia ile ile mliyotuambia tuifuate. Hesabu za Mizani nimezikubali moja moja. Lakini kama mahakama yenyewe inasema mwenyekiti hana mamlaka ya kuthibitisha peke yake, basi kuna kosa la kurekebishwa kabla ya 2027, na sitakubali mtu aniambie nimeshindwa hivyo ninyamaze. Sheria iseme wazi: kabla ya 34C kusomwa, kila kamishna aione na aandike pingamizi lake kwa kutaja nambari za vituo.

---

Karani_wa_Fomu · 6 Septemba

Naunga mkono, na ninaongeza mawili. Tume ichapishe kila 34B kwenye tovuti saa ileile inapotangazwa eneobunge, pamoja na faili ya tarakimu ambayo mtu anaweza kuipakua na kuijumlisha, si picha tu. Na vyama vifundishe mawakala kuijumlisha 34A kabla ya kutia sahihi. Wakala anayesaini bila kujumlisha ndiye anayekifanya chama chake kifike Mahakama ya Juu mikono mitupu.

---

Binti_Kigoma · 6 Septemba

Kwa hiyo kuapishwa ni Septemba 13 kama Wakili alivyosema mwanzoni? Siku ya saba tangu hukumu si Septemba 12? Nimechanganyikiwa.

---

Wakili_Mtaani · 6 Septemba

Ndiyo, dada. Hukumu ni Jumatatu Septemba 5, siku ya saba baada yake ni Jumatatu Septemba 12, na Jumanne inayofuata ni 13. Sheria inataka kiapo kiliwe hadharani kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mpaka saa hiyo Uhuru Kenyatta ndiye rais, akiwa na mipaka ileile ya Kifungu 134.